Waifai Iliyopita Juu ya Turubai

Jumatatu, 13 Januari

Furaha nyumbani! Wazee wa Mlali wamepiga simu. Tarehe yetu wameikubali: Jumamosi ya tarehe 25 watakuja hapa Miyuji kumvisha Shamila pete. Shamila ni binti yetu wa kwanza. Mchumba anaitwa Abuu, mwalimu wa sekondari, kijana mpole, anakula kwa adabu. Sina la kumkosoa. Nimejaribu.

Nikampigia mama yangu aliyeko Kondoa kumpa habari. Mama, Bi Jaha, ndiye aliyemlea Shamila tangu alipoachishwa ziwa mpaka alipoanza shule. Sasa goti linamsumbua, hatembei mbali. Akalia kidogo kwa furaha. Akasema hataki nyama wala kitenge. Anataka kitu kimoja tu: amwone mtoto akiulizwa kama amekubali, na amsikie akijibu.

Mke wangu Khairat akasema hilo ni jepesi. Tutafute gari zuri, siti ya mbele irudishwe nyuma, mama aletwe taratibu. Barabara ni lami tupu. Nikamwambia asiharakishe. Wazo lilikuwa limeshanijia.

Mama ataona kila kitu kwenye simu. Laivu! Uwanjani! Kwa waifai ya nje!

Khairat akaniuliza waifai ya nje tunayo? Hatuna. Tuna ruta ya sebuleni, na ukishavuka mlango tu imekwisha. Mtandao wa simu nao hapa nyuma ya kilima cha mawe ni wa kubahatisha. Ndiyo maana inatakiwa waifai ya nje! Akanitazama sana, kisha akarudi kwenye mchele wake.

Niandike ukweli, maana hapa hakuna anayesoma. Wazo limetokana pia na Sebastiani. Huyu ni jirani yangu, mtumishi wa serikali, kila siku anakwenda Chamwino na kurudi. Tangu mwezi uliopita amefunga kiboksi cheupe nje ya nyumba yake, na sasa mtaa mzima unakaa kwake. Mimi ni dalali wa viwanja. Juzi nilimtafuta mteja wangu kutwa nzima, nikamkuta kwa Sebastiani, anatazama mpira kwenye simu na kunywa chai ya Sebastiani.

Haitawezekana.

Jumanne, 14 Januari

Nimechunguza adui. Nimepanda juu ya ndoo, nikachungulia ukutani. Kiboksi chake kidogo sana! Cha duara, kama sahani ya kikombe. Amekifunga chini ya paa, chini kabisa, hata ngazi sidhani kama alihitaji. Nikacheka peke yangu.

Sebastiani alikuwa amesimama upande wa pili, chini yangu, anamwagilia mchicha. Akanisalimia. Nikamwambia natafuta kuku wangu. Kuku akalia nyuma yangu, uwanjani kwangu. Sebastiani hakucheka. Akasema kama nataka waifai ya nje anaweza kunielekeza. Akaanza hapo hapo, bila kuombwa: kwa nyumba zetu hizi kifaa kinachoeneza pande zote ndicho kizuri, kisiwekwe juu sana, kitazame mahali watu wanapokaa.

Nikamshukuru. Sikusikiliza. Mtu mwenye kitu kizuri hakifichi chini ya paa.

Alhamisi, 16 Januari

Nimekwenda mjini, duka la vifaa vya mtandao. Muuzaji ni dada mmoja anaitwa Evarista. Ana maswali kuliko askari wa barabarani. Uwanja una ukubwa gani? Una miti? Watu watakaa wapi? Ukuta wa tofali au wa bati? Mtandao ndani unatoka wapi?

Hapo kwenye ukubwa ndipo kazi yangu iliponiponza. Miaka yote hii, mtu akiniuliza ukubwa wa eneo, ulimi unajibu kabla yangu. Nikamwambia uwanja wangu ni kama uwanja wa mpira, pungufu kidogo. Akaniuliza ni Miyuji ipi hiyo. Nikamwambia Miyuji ya juu.

Uwanja wangu kuku anauvuka kabla hujamaliza kumfukuza.

Evarista akaweka vifaa viwili mezani. Kimoja cha duara, kama cha Sebastiani. Akasema hiki kinaeneza kama taa ya chumbani. Kingine kikubwa, bapa, kama ubao wa kukatia nyama. Akasema hiki kinarusha mbele tu, kama tochi, kinafaa kupeleka mtandao shamba au jengo la mbali. Kwa uwanja wa mpira, akasema, labda hiki. Lakini akaniomba nifikirie tena, maana anayekaa chini ya tochi hapati mwanga.

Nikamuuliza kipi kinaonekana ukiwa barabarani. Akasema hajawahi kuulizwa swali hilo. Akanyoosha kidole kwenye ubao.

Nimechukua ubao!

Njiani nimepita kwa Sebastiani na boksi begani. Halikuwa zito. Nimelibeba begani tu.

Ijumaa, 17 Januari

Nimefunga mwenyewe. Fundi wa nini? Ile nguzo ya antena ya zamani ya televisheni bado iko juu ya bati. Kifaa nimekiweka kwenye ncha kabisa. Waya nimeuteremsha mpaka dirishani, nimeuunganisha na ruta ya sebuleni. Bati lilikuwa la moto, nimeungua goti. Taa ya kijani imewaka!

Mtandao nimeupa jina: KARIBUNI KWA SWEDI. Namba ya siri sikuweka. Mtu mkarimu hafungi mlango.

Shamila akatoka ndani akashika kiuno, akatazama juu. Akasema, "Baba, ni kirefu." Nikamwambia na sifa zake zitakuwa ndefu hivyo hivyo. Akatabasamu. Yeye huwa hanivunji moyo, na leo najiuliza kama hilo limenisaidia.

Msikitini, baada ya swala ya Ijumaa, nimewaambia wote. Sebastiani ni Mkristo, kwa hiyo hakuwepo kusikia. Nimesikitika kidogo kwa hilo.

Jumapili, 19 Januari

Vijana wamejaa kwa Sebastiani kuliko zamani! Wamekaa juu ya ukuta, wamekaa kwenye matofali yake, wengine wameketi barabarani. Nikaenda kuangalia kuna nini. Wote wako kwenye KARIBUNI KWA SWEDI. Vijiti vyote vimejaa. Kasi kama umeme. Na wanamshukuru Sebastiani!

Mmoja akanielezea kwa furaha kwamba mzee Sebastiani ameongeza mtandao mwingine. Nikamwonyesha jina. Akasema alidhani ni jina la wimbo, kumbe Swedi ni mtu?

Nikarudi kwangu mbio. Nikasimama katikati ya uwanja. Kijiti kimoja. Nikasimama penye kuku. Hakuna. Nikasimama chini ya nguzo yenyewe. Hakuna kabisa!

Paskalia, mke wa Sebastiani, akaniita ukutani. Akasema Mungu anibariki, ameongea na dada yake kwa video mpaka chaji ikaisha. Nimeitikia amina. Ningefanyaje?

Jumatano, 22 Januari

Nimempigia Evarista. Nikalalamika kwamba kifaa ni kibovu. Akauliza nimekiweka juu kiasi gani. Nikamwambia. Akauliza sasa kwa upole uwanja una ukubwa gani kweli. Nikasema mtandao wa simu unakatika.

Ulikuwa haukatiki. Akaendelea kusema: mtandao unapita juu ya uwanja wangu na kutua kwa jirani. Nikishushe, nikiinamishe, kiwe chini ya paa. Au nikirudishe kabla hakijachubuka, anibadilishie cha duara.

Chini ya paa! Kama cha Sebastiani! Mtaa mzima umekiona juu, halafu leo wakione kimeshuka? Watasema nini?

Nimetafuta bomba la chuma refu zaidi. Hoja yangu ni hii: kama kinaruka na kutua kwa jirani, basi kikiwa juu zaidi kitakuwa na nafasi ya kushuka vizuri. Nimemweleza Khairat nikichora chini kwa kijiti. Akaniuliza kama maji ya bomba yakipita juu ya kichwa chako, ukiliinua bomba zaidi ndiyo utalowa? Nikamwambia mtandao si maji.

Kisha akaniambia jambo jingine. Sebastiani anakwenda Kondoa kikazi Ijumaa asubuhi, anarudi jioni. Gari lina nafasi. Amejitolea kumleta mama. Khairat alikuwa ameshaongea na dada yangu Shakila kule Kondoa, na mama ameshaweka kibegi chake karibu na mlango.

Mama yangu, kushuka kwenye gari la Sebastiani mbele ya mtaa mzima! Na kifaa changu kiko juu kimewaka!

Nimempigia mama mwenyewe. Nimemwambia asijisumbue na goti lile, Jumamosi atakaa kwake kwenye kiti na ataona kila kitu vizuri kuliko waliopo.

"Haya, mwanangu," akasema. "Wewe ndiye unayejua."

Ijumaa, 24 Januari

Gari la Sebastiani limepita asubuhi kwenda Kondoa. Limerudi jioni. Nimelitazama likiingia getini kwake. Siti ya mbele ilikuwa tupu.

Turubai limefungwa uwanjani. Viti vimepangwa. Bomba jipya limesimama, na upepo wa mchana umelitikisa lakini halikuanguka. Nimempigia mama kwa video nikiwa sebuleni, mlangoni. Safi kabisa! Nikamwambia Khairat majaribio yamefaulu. Akaniuliza nimejaribu nikiwa wapi. Nikajifanya nahesabu viti.

Jumamosi, 25 Januari

Naandika jioni hii nikiwa chumbani. Wageni wameondoka. Sijui nianzie wapi.

Asubuhi ilianza vizuri. Shakila alipiga kutoka Kondoa, nikapokea sebuleni. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake, kanga mpya, ushungi umenyooka, wanja machoni. Wanja! Shakila akasema amekaa hapo tangu alfajiri, amekataa hata kulala kidogo asije akapitwa. Mama akanipungia mkono. Akaniuliza mtoto yuko wapi. Nikamwambia avute subira, anavaa.

Wazee wa Mlali wakaingia na kina mama wao. Salamu, shikamoo, marahaba, juisi ya zabibu. Sebastiani na Paskalia nao walikuja, wakakaa nyuma. Shamila akatolewa ndani, amefunikwa, akaketishwa katikati chini ya turubai.

Nikasimama. Nikatangaza kwamba mama yangu mzazi yuko nasi kutoka Kondoa. Nikatoka na simu sebuleni, nimeinyanyua juu kama mtu anayebeba keki. Hatua ya kwanza nje ya mlango, picha ikaganda. Kwenye kioo ikabaki pua yangu.

Nikaenda katikati. Pua. Nikaenda penye nguzo ya turubai. Pua. Mzee mmoja wa Mlali akaniuliza kama mama amekwishafika. Nikasema anakuja.

Khairat akanisogelea, akaninong'oneza. Akasema turudi sebuleni, mimi na mtoto na wazee wachache tu, aulizwe pale, mama amsikie. Nikamwambia dakika moja. Kisha Sebastiani akaja, akainama, akasema kwa sauti ya chini kabisa ili watu wasisikie:

"Jirani, kwangu mtandao wako unashika vizuri sana. Tuhamie hapo ukutani kidogo tu. Hakuna atakayejali."

Mtandao wako, alisema. Alinipa heshima yangu yote mkononi. Nami nikamwambia uwanja wangu unatosha.

Wazee wakaanza kufuta jasho. Msemaji wao akasema kwa adabu kwamba jua linapanda na safari ya Mlali ni ndefu. Shamila alikuwa ameinua kidogo ule ushungi. Hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anaitazama simu.

Nikaiona ngazi. Nikawaza kwamba nikipanda mpaka usawa wa bati nitaukuta mtandao huko unakopita. Nikawaambia waendelee kidogo, niko hapa hapa. Nikapanda.

Na kweli niliukuta! Nilipofika juu vijiti vikajaa. Mama akatokea, anameta. Nikageuza simu kuelekea chini kwa furaha. Akaniuliza:

"Swedi, mbona naona turubai tu?"

Turubai. Lilikuwa limefunika kila mtu.

Wakati huo huo vigelegele vikapasuka chini. Vingi, virefu. Nilikuwa nimewapa mgongo, mkono mmoja kwenye bomba.

"Ameshajibu?" mama akauliza.

"Ameshajibu, mama."

"Amesemaje?"

Nikasema amesema ndiyo, amekubali. Mama akasema hilo analijua, anauliza amesemaje. Kwa sauti ya juu au ya chini? Alilia? Alicheka? Yeye anamjua mtoto wake, akiona haya humeza neno la mwisho. Alilimeza?

Mimi baba yake mzazi, nilikuwa juu ya ngazi nyumbani kwangu, na sikulisikia.

Nikamwambia mama mtandao unakatika.

Nadhani alijua si kweli. Akasema haya, nishuke nisije nikaanguka. Akamwambia Shakila amsaidie kuinuka, amekaa sana.

Jumapili, 26 Januari

Nyumba imepoa. Khairat amenipakulia pilau iliyobaki na nyama nzuri nzuri, ametandika meza. Angenigombeza ningejua pa kuanzia kujitetea.

Nimemwita Shamila. Nilikuwa nimepanga maneno marefu. Nikaishia kumuuliza kama pete inamtosha. Akanionyesha. Inamtosha. Nikamwambia kuhusu jana. Akasema, "Haina shida, baba."

Anasema hivyo tangu akiwa mtoto mdogo. Aliangukiwa na kikombe cha chai ya moto akasema haina shida, bibi. Mama ndiye aliyenisimulia, maana wakati ule pia mimi sikuwepo.

Baadaye akaniambia Jumamosi ijayo anataka twende sote Kondoa, avae nguo ile ile na pete, akakae na bibi yake kutwa nzima. Nikasema hilo ni wazo bora kuliko yote. Nililisema kwa moyo wote. Nikasema tutakaa chini na mama, hakuna simu, hakuna mashine, ni sisi tu. Khairat aliposikia hivyo aliniongezea chai.

Mchana nimepanda nikashusha kifaa. Mtaa ulinitazama. Vijana walilalamika ukutani kwa Sebastiani kwamba mtandao umekufa. Sebastiani akatoka, akanishikia ngazi mpaka nikafika chini. Nilitaka kumwambia asante, na pia nilitaka kumwomba radhi kuhusu gari. Nikamwambia mchicha wake umestawi.

Jumamosi, 1 Februari. Kondoa

Tumefika salama. Mama alikuwa mlangoni, anajishikilia ukutani, hakukubali kungoja kitini. Alimshika Shamila mashavu kwa mikono miwili, akakaa naye hivyo muda mrefu. Khairat akageuka pembeni akajifuta macho. Mimi pia. Nikajiambia, Swedi, haya ndiyo maisha.

Wakatandika mkeka uani. Shakila alikuwa amechinja kuku. Shamila akaingia ndani kubadilisha nguo.

Nikatazama uwanja wa mama.

Ni mkubwa! Mkubwa kweli, wala si kwa maneno ya udalali! Unafika mpaka penye mihogo, na ng'ambo ya mihogo iko nyumba ya Shakila, ambako waifai ya sebuleni kwa mama haijawahi kufika. Kumbe Evarista alisema kifaa kile kinafaa kupeleka mtandao shamba au jengo la mbali. Hakikuwa kibaya! Kilikuwa hakijafika mahali pake tu! Kosa lilikuwa la Miyuji!

Na bahati iliyoje, kifaa kilikuwemo kwenye buti la gari tulilokodi. Nilikiweka nyuma ya mchele asubuhi, huwezi kujua. Na bomba nililifunga juu ya gari. Khairat aliponiuliza njiani la nini, nilimwambia la kuzuilia mbuzi.

Sasa niko juu ya bati la mama, na shajara hii iko pajani, maana nimeona niandike vipimo nisije nikasahau. Kutoka hapa naona mihogo, naona nyumba ya Shakila, naona minara ya msikiti. Nadhani kikiwekwa kwenye ncha ya bomba kitafika msikitini. Nikiongeza bomba jingine, sioni kitakachokizuia.

Chini wameshaketi. Nasikia mama anamwambia Shamila asogee karibu zaidi, aanze tangu mwanzo, asiruke kitu. Wote wanamsikiliza.

Mama ameniita. Ameuliza niko wapi, niteremke nikae upande wake wa kulia, amenitunzia paja la kuku.

Nimemjibu nakuja, mama. Nimewaambia waanze tu.